Wapiga Picha Watatu wa Kiislamu na Fadhila Zao juu ya Historia Yetu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Halmashauri ya jumuiya yetu imeniomba niandike habari za tarehe, na huenda wengi wakatazamia nieleze habari za masultani au za maulamaa. Mimi nimechagua watu wa kazi nyingine, ambao katika vitabu vyetu hawatajwi sana, nao ni wapiga picha. Nimewachagua watatu, wote Waislamu: mmoja wa Misri, wa pili wa Makka, na wa tatu wa Afrika yetu hii ya Mashariki. Nawapenda hawa kuliko wengine, na katika maneno haya nitaeleza sababu.

Najua wapo watakaouliza: sheikh na picha wapi na wapi? Swali hilo ni la haki, na yapasa nilijibu kwanza.

JUU YA KUHITILAFIANA KWA MAULAMAA

Wazee wetu waliiita picha kwa jina la sanamu, na jina hilo hilo ndilo waliloliita gogo lililochongwa likaabudiwa. Kwa hiyo si ajabu kwamba wengi wao walipoiona kamera walijitenga nayo. Waliogopa lile lililokatazwa, yaani kumshirikisha Mwenyezi Mungu, na mtu kujifananisha na Muumba katika kuumba. Hofu hiyo ilitoka katika dini, wala haitupasi kuicheka.

Maulamaa walilitazama jambo hili kwa makini. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka wa 1914, aliandika risala maalumu, akaonyesha kwamba picha ya kamera si kuumba, bali ni kukizuia kivuli. Mfano wake ni sura ionekanayo katika kioo cha kujitazamia, ila hii imezuiwa isiondoke mwenyewe anapoondoka. Maulamaa wengine, hasa wa Najdi, hawakukubaliana naye. Wao waliiharimisha picha ya chenye roho isipokuwa kwa dharura. Hitilafu hii ipo hata leo, wala mimi si mtu wa kuikata. Lakini kila mmoja wetu, awe wa rai hii au ile, amepigwa picha kwa ajili ya kitambulisho, wala hakuna hujaji atokaye kwetu akafika Makka bila ya picha yake katika pasi. Basi kama picha imekwisha kusimama mlangoni mwa nguzo ya tano ya Uislamu, si vema tukaitumia bila ya kuijua historia yake.

ASILI YA ELIMU HII

Wengi hudhani kwamba picha ni jambo la Wazungu tangu mwanzo hata mwisho. Haikuwa hivyo. Bwana Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka wa 965 akafa Misri karibu na mwaka wa 1040, aliandika kitabu kikubwa juu ya nuru na kuona, kiitwacho Kitab al-Manazir. Humo alibainisha kwamba jicho halitoi nuru ya kuviendea vitu, kama walivyosema baadhi ya Wayunani, bali nuru hutoka kwenye vitu ikaingia jichoni. Tena katika risala yake juu ya kupatwa kwa jua alieleza namna nuru ya jua lililopatwa inavyopita katika tundu dogo, ikachora ukutani sura ya mwezi mwandamo. Chumba chenye giza na tundu dogo ndiyo asili ya kamera.

Kilichobaki kilikuwa kuifanya sura ile isifutike. Hilo lilichukua karne nyingi, hata mwaka wa 1839 ikatangazwa mjini Paris njia ya Bwana Daguerre ya kuishika sura juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Mambo yalikwenda mbio. Mwezi wa Novemba wa mwaka ule ule, Wafaransa wawili walikuwa wamekwisha kufika Iskandaria, wakapiga picha ya lango la jumba la Muhammad Ali Pasha. Baada ya hapo wakaja wengi kuzipiga picha nchi za Kiislamu. Lakini wengi wao walikuwa wageni, nao walipiga waliyoyaona wao kuwa ya ajabu. Hawa watatu wangu waliyaona mambo kwa jicho jingine.

WA KWANZA: MUHAMMAD SADIQ BEY

Muhammad Sadiq Bey alikuwa afisa wa jeshi la Misri na mhandisi, aliyesoma Kairo kisha Paris. Mwaka wa 1861, katika zama za Said Pasha, alipelekwa Hijazi kupima njia itokayo bandari ya al-Wajh mpaka Madina. Kazi aliyoagizwa ilikuwa ya ramani, lakini pamoja na vyombo vya kupimia alichukua na kamera. Kwa kamera hiyo alipiga picha za kwanza tuzijuazo za mji wa Mtume (S.A.W.), za msikiti wake, na za kuba lake. Mwenyewe aliandika kwamba hakuna aliyemtangulia katika jambo hilo.

Msomaji wa leo, ambaye hutoa simu mfukoni akapiga picha kumi kabla ya kumaliza salamu, hataijua kazi hiyo ila akielezwa. Siku zile hapakuwa na filamu. Mpiga picha alikuwa na vipande vya vioo. Kila kioo alikipaka dawa katika giza, akakitia katika kamera kikiwa bado kibichi, kisha akarudi gizani kuitokeza sura kabla dawa haijakauka. Katika joto la Hijazi dawa hukauka upesi, vumbi hushika kioo, na kioo chenyewe ni chepesi kuvunjika. Mtu aliyefanya kazi hiyo safarini hakuwa mwenye kucheza.

Mwaka wa 1880 Sadiq Bey alirudi Hijazi, mara hii akiwa mweka hazina wa msafara wa mahmal, ule uliokuwa ukitoka Misri kila mwaka. Katika safari hiyo alipiga picha za kwanza tuzijuazo za Makka, za Msikiti Mtakatifu na al-Kaaba, na pia za baadhi ya watu wakubwa wa miji hiyo miwili. Mwaka wa 1881 picha zake zilionyeshwa Venice katika mkutano wa wataalamu wa jiografia wa mataifa mbalimbali, akapewa nishani ya dhahabu. Baadaye aliandika vitabu vya kumwongoza hujaji. Alifariki mwaka wa 1902.

Kwa nini nampenda? Kwanza, kwa sababu hakuingia kwa hila. Mwaka wa 1853 Mwingereza Richard Burton aliingia Makka kwa kujigeuza, akatoka akajisifu kwa ushujaa wake. Sadiq Bey aliingia kwa jina lake na kwa dini yake, akapima, akaandika, akapiga picha, na mwisho akatoa kitabu cha kumfaa hujaji mwenziwe.

Pili, kwa sababu ya amana aliyotuachia. Katika picha za zama zile tunaona vitu ambavyo sasa havipo tena: ukuta wa mji wa Madina, jengo lililokuwa juu ya kisima cha Zamzam, na zile maqamu nne katika uwanja wa al-Kaaba, ambamo maimamu wa madhehebu nne walikuwa wakisalisha kila mmoja na watu wake. Kijana wa leo akiambiwa kwamba Waislamu waliwahi kusali jamaa nne mbalimbali mbele ya nyumba moja, huenda asisadiki. Maqamu zile akiziona katika picha atasadiki, na tena atajua kwamba kuswali nyuma ya imamu mmoja ni neema.

WA PILI: SAYYID ABD AL-GHAFFAR, TABIBU WA MAKKA

Mwaka wa 1885 aliingia Makka mwanachuoni wa Kiholanzi, Christiaan Snouck Hurgronje, ambaye naye alijiita Abd al-Ghaffar. Alikaa miezi kadhaa, kisha akatolewa mjini kabla ya kuwahi Hija. Katika kukaa kwake alifanya urafiki na tabibu mmoja wa Makka, Sayyid Abd al-Ghaffar, wakashirikiana katika kazi ya kamera. Mholanzi alipoondoka, tabibu aliendelea. Alipiga picha za Msikiti Mtakatifu, za mahujaji na mahema yao, na za watu wa mji wake, akampelekea rafiki yake huko Leiden. Huyu ndiye mpiga picha wa kwanza tumjuaye aliyekuwa mwenyeji wa Makka.

Snouck Hurgronje alitoa kitabu kikubwa juu ya Makka, na pamoja nacho mikusanyo ya picha, mmoja mwaka wa 1888 na wa pili mwaka wa 1889. Huo wa pili kwa sehemu kubwa ni kazi ya tabibu. Mholanzi alikiri kwamba picha zilitoka kwa tabibu wa Makka, lakini jina lake hakulitaja. Tena Sayyid alikuwa na ada ya kutia saini yake kwa Kiarabu juu ya picha zake, na saini hiyo iliondolewa zilipochapwa. Kwa muda mrefu ulimwengu ukazitazama picha hizo na kusema ni za Snouck Hurgronje. Wataalamu wa zama zetu ndio waliozilinganisha na zile za asili zilizohifadhiwa Leiden, wakaiona saini, wakamrudishia mwenyewe haki yake.

Nampenda tabibu huyu kwa picha yake ya watu wanaosali kuizunguka al-Kaaba. Amesimama mahali pa juu, na watu wako chini wamejipanga, mduara ndani ya mduara, wote wameelekea mahali pamoja. Hukuonyeshwa mtu mmoja ukaambiwa mtazame huyu, bali unauona umma. Aliyepiga picha hiyo alijua ni nini alichokuwa akikitazama, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao, na sala itakapokwisha atashuka awatibu wagonjwa wao.

Lakini zaidi ya hapo nampenda kwa funzo la jina lake. Ndugu zangu wa Buyenzi na vitongoji vyake, tusidhani kwamba majina hufutwa na wageni peke yao. Wakati wa kukitengeneza kitabu hiki nililetewa picha ya zamani iliyotoka katika sanduku la mzee mmoja marehemu. Ndani yake wamo wanaume kumi na mmoja, wamevaa kanzu na kofia, wamekaa juu ya mikeka mbele ya msikiti ambao bado ni wa matofali mabichi. Hapana shaka hawa ndio waliobeba matofali yale. Niligeuza nyuma nikitafuta majina, nikakuta weupe mtupu. Niliipeleka kwa wazee watatu walio hai. Walimtambua mmoja kwa yakini, na wa pili wakabishana juu yake. Waliobaki, tisa, hatuwajui. Wengine katika sisi huenda ni wajukuu wao, nasi tunaswali katika msikiti wao kila siku tano, wala hatuwezi kuwaombea kwa majina.

Hakuna adui aliyefuta majina hayo. Ni kwamba hakuna aliyechukua kalamu.

WA TATU: MOHAMED AMIN

Wa tatu ni wa kwetu. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka wa 1943, katika mtaa wa Eastleigh, kwa wazazi wenye asili ya Punjab, na baba yake alikuwa mfanya kazi wa reli. Alikulia Dar es Salaam, na huko ndiko alikopata kamera yake ya kwanza, iliyokwisha kutumika, akiwa bado mtoto wa shule. Mwaka wa 1963 alianzisha shirika lake la picha, Camerapix. Mwaka wa 1966 alitiwa gerezani Unguja karibu mwezi mzima kwa sababu ya kazi yake, kisha akatolewa nchini akaenda Kenya. Wengi wangeacha kazi hiyo. Yeye aliendelea nayo, na hakuna jambo kubwa lililotokea katika nchi zetu miaka iliyofuata ila alikuwa karibu nalo. Pia alipiga picha za Hija kwa ruhusa, akatoa kitabu chake juu ya kwenda Makka mwaka wa 1978.

Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1984 alikwenda Habasha pamoja na mtangazaji wa BBC, Michael Buerk. Nchi hiyo sisi Waislamu tuna deni nayo, kwani ndiyo iliyowapokea wahajiri wa kwanza walipoonewa Makka, na mfalme wake Najashi akakataa kuwarudisha kwa maadui zao. Sasa kaskazini mwa nchi hiyo watu walikuwa wakifa kwa njaa, na ulimwengu haukushughulika. Mohamed Amin alipiga picha za Korem na Mekele: maelfu ya watu katika baridi ya alfajiri, wamejifunika mashuka, wanangoja chakula kisichotosha. Picha hizo zilionyeshwa London tarehe 23 Oktoba 1984, kisha zikaenda katika vituo vya televisheni duniani kote. Misaada ikaanza kumiminika. Waimbaji wa Uingereza walitoa wimbo wa kuchanga fedha mwaka ule ule, na tarehe 13 Julai 1985 yalifanywa maonyesho makubwa London na Philadelphia kwa ajili hiyo. Hata hivyo waliokufa katika njaa ile wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu. Picha haikuwarudisha. Iliwaokoa waliobaki.

Mwaka wa 1991 huko Addis Ababa ghala ya silaha iliripuka akiwa kazini. Mwenzake aliyekuwa akishika sauti, John Mathai, aliuawa pale pale, na Mohamed Amin akakatika mkono wa kushoto. Alitengenezewa mkono wa bandia akarudi kwenye kamera. Tarehe 23 Novemba 1996 alikuwa safarini kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ndege yao ikatekwa, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Kati ya watu 175 waliokuwamo walikufa 125, naye akiwa mmoja wao. Imesimuliwa na waliookoka kwamba dakika za mwisho, abiria wengine wakiwa wamekaa, yeye alikuwa amesimama akizungumza na watekaji. Mwenyezi Mungu amrehemu.

TOFAUTI YA PICHA NA PICHA

Hapa nataka kusema jambo ambalo huenda lisiwapendeze wote. Kila Ramadhani katika nchi zetu huonekana jumuiya zikigawa unga, mchele na mafuta. Wajane na mayatima hupangwa mstari, wakapewa mifuko, wakaambiwa wageuke watazame kamera. Mjane mmoja, ambaye simtaji wala siitaji jumuiya iliyohusika, alinijia akaniambia: "Sheikh, chakula nilikipokea kwa siku tatu, lakini picha yangu inazunguka mwaka wa pili huu, na binti yangu ametaniwa kwayo shuleni." Sikuwa na jibu la kumpa.

Mtu ataniambia: lakini hata Mohamed Amin alipiga picha za wenye njaa, na wewe umemsifu. Ni kweli, na ndiyo sababu nimemweleza. Tutazame makusudio. Picha ya Korem iliwaelekea walioshiba, ikawauliza: mbona mmelala? Hakuna mtoaji katika picha ile, wala mfuko wenye jina la mtu. Wenye dhiki ndio waliosema, na aliyeaibika ni mtazamaji. Picha yetu ya Ramadhani huweka mtoaji katikati na maskini pembeni. Anayesema ni mtoaji, na anayeaibika ni maskini. Nasi tumekatazwa tusiziharibu sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Akisema mtu kwamba wafadhili wanataka ushahidi, basi wapigwe picha magunia, waandikwe hesabu, watie saini mashahidi wawili waadilifu. Ushahidi utapatikana, na uso wa mjane utasitirika.

YATUPASAYO

Kwa hiyo, ndugu zangu, kila mmoja katika watatu hawa ametuachia jambo la kufanya.

Kutoka kwa Sadiq Bey tuchukue kwamba kilicho chetu tukihifadhi sisi wenyewe, tena kabla hakijavunjwa. Msikiti ukitaka kujengwa upya, upigwe picha kwanza, ndani na nje, na mihirabu yake, na vipimo viandikwe. Madrasa vilevile, na makaburi ya wazee.

Kutoka kwa tabibu wa Makka tuchukue jina. Kila mwenye picha ya zamani nyumbani kwake aitoe, aende kwa wazee wangali hai, na nyuma yake aandike kwa kalamu ya risasi: ni nani, wapi, mwaka gani. Picha za katika simu nazo ni vivyo hivyo, maana simu ikizama majini huzama na watu wote waliomo. Halmashauri imekubali kuweka daftari maalumu katika ofisi ya jumuiya, na ile picha ya wazee kumi na mmoja imebandikwa ukurasa wa kwanza, kila mtu na nambari yake. Mwenye kuijua sura yoyote aje aandike. Nafasi tisa zinangoja.

Na kutoka kwa Mohamed Amin tuchukue nia. Kabla ya kuinua kamera mtu ajiulize: picha hii inamfaa nani? Ikiwa inamfaa aliyemo, au inamwamsha aliyelala, au inahifadhi lililo karibu kupotea, na aipige. Ikiwa inamfaa mpigaji peke yake, basi airudishe mfukoni, hasa akiwa katika tawafu, ambako siku hizi wengine hunyanyua simu badala ya kunyanyua mikono.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, wale tuwajuao kwa majina na wale ambao Yeye peke yake ndiye awajuaye, na atujaalie tuwe warithi wenye kuhifadhi amana. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.